Jiko Lililomngoja Mgeni Rasmi

Kuna maneno nimeyachoka, na kwa vile nimestaafu na hakuna tena wa kunitisha, nitayasema hapa mwanzoni: "Huyu mama hajui gesi." Nimeyasikia maisha yangu yote ya kazi, Kisii mjini, Kiogoro, Ogembo, mpaka juu Nyamira kwenye baridi. Yamesemwa na waume, makarani, wazee wa kanisa na wenye maduka. Mbaya zaidi, mimi mwenyewe niliyaandika kwa mkono wangu na kuyapigia muhuri. Nyinyi mafundi vijana mliobaki dukani mmeniomba niwaachie kumbukumbu za kazi. Haya basi. Lakini msitegemee niwaambie nilipandishwa cheo lini. Nitawaambia nilivyokosea, kwa sababu hilo ndilo mtakalolihitaji.

Nilianza kazi miaka michache baada ya uhuru. Wakati huo jiko la gesi lilikuwa kitu cha nyumba za maafisa, madaktari, walimu wakuu na wafanyabiashara wachache waliopenda kuonekana. Sisi wengine kwetu ni kuni, na moshi wake tuliujua. Asubuhi ya kwanza tajiri mwenye duka alinikabidhi spana mbili, brashi, kopo la sabuni na kiberiti, akanielekeza nyuma ya duka kwa Mzee Rajabu. Mzee huyu alitoka pwani, ambako alitengeneza majiko ya hoteli. Kazi ilimleta Kisii, akaoa kwetu, akasahau kurudi. "Nyinyi mnaongea Kiswahili kama mtu anayepasua kuni," aliniambia kabla hata hajauliza jina langu. Nikamjibu kwamba kuni tunazipasua vizuri. Akacheka mpaka akakohoa, na tangu hapo tukaelewana.

Siku hiyo hakuniruhusu kugusa chuma chochote. Alinikalisha kwenye kigoda mbele ya jiko mchana kutwa, akiwasha na kuzima, nami nimwambie ninachoona. Moto wa buluu uliotulia, uliokaa pale pale kwenye matundu yake, ni mzima. Moto wenye ncha za njano unaoacha masizi kwenye sufuria umekosa hewa, au gesi imezidi. Moto unaorukaruka juu ya kichomeo kama unataka kuondoka umezidiwa na hewa au na msukumo wa gesi. Na ule unaolia pwa kisha unakwenda kuwakia ndani, huo zima kwanza, maswali baadaye. Alinifundisha kunusa nikiwa nimeinama, maana gesi ya mtungi ni nzito, inatambaa chini sakafuni. Viungo vya mpira wa gesi tulivipaka povu la sabuni tuone kama linatoa mapovu. "Ukiona fundi anatafuta gesi inayovuja kwa kiberiti," alisema Mzee Rajabu, "mwombe akuachie anwani ya kwao."

Kitu kidogo kuliko vyote ndicho kilichotupa kazi nyingi kuliko vyote. Gesi hutoka kwenye tundu jembamba kama unywele, sisi dukani tukiliita jeti, inaingia kwenye mdomo wa mrija, inavuta hewa na kuchanganyika nayo humo, kisha mchanganyiko huo unatokea juu kwenye kichomeo na kuwaka. Jeti husafishwa kwa kupuliza, au kwa unywele wa brashi. Haitiwi sindano. Narudia kwa sababu najua kuna mmoja wenu anayo sindano mfukoni sasa hivi: haitiwi sindano. Ukiitia, tundu linapanuka, gesi inazidi, moto unakuwa wa njano, na hakuna brashi ya kurudisha shaba uliyoikwangua.

Ogembo kulikuwa na mfanyabiashara mmoja aliyeniita kwa hasira. Mke wake, alisema, alipika vizuri kwa kuni, lakini gesi ilikuwa imemshinda, sufuria zote nyeusi. Alisema hayo mke akiwa amesimama pale pale na sahani mkononi. Nikawasha. Moto ulikuwa wa njano kama ndizi iliyoiva. Nikafungua jeti, nikaielekeza dirishani, tundu lake nikaona limepanuka na kwenda upande. Nikauliza nani ametia sindano humu. Yule mama akaangalia ukuta. Bwana mwenye nyumba akakohoa kidogo, akasema, "Mimi niliisafisha tu, kidogo." Je, alimwomba mke wake radhi? Aliniuliza kama ninakunywa chai.

Kiogoro ilikuwa ni karani na mkewe. Nilipoingia jikoni nilikuta mawe matatu yamepangwa juu ya jiko la gesi kuzunguka kichomeo, sufuria imekalia mawe, na moto chini yake unakohoa. Nilicheka. Nilicheka kwa sauti, mjinga mimi, na nikamwambia yule mama haya si meko ya kwao. Akanijibu taratibu, "Fundi, wewe songa obokima hapo juu bila mawe, mimi niangalie." Nikajaribu. Mnajua obokima, ugali wetu wa wimbi, unavyotaka nguvu za mabega. Mara ya tatu kuzungusha mwiko, kichanja cha jiko kiliteleza, na sufuria nusura inimwagikie miguuni. Waliotengeneza jiko lile walidhani kupika ni kuchemsha yai. Mawe yaliziba hewa, ni kweli, lakini mwenye kosa hakuwa yule mama. Nilikwenda kwa mhunzi wa soko la Daraja Mbili, akanichongea kichanja cha chuma kizito chenye miguu minne, na kikamaliza ugomvi wa nyumba ile.

Sasa sikilizeni nilichoandika kwenye karatasi ya kazi siku zote mbili. Karatasi zetu zilikuwa na sehemu ya sababu, na chini yake visanduku vitatu: mtungi, jiko, mtumiaji. Ukitia alama kwenye mtungi au jiko, tajiri alilazimika kuandikiana barua na waliotuletea bidhaa, na barua alizichukia. Kwa hiyo tulitia alama kwenye mtumiaji. Sindano ya mume, mtumiaji. Kichanja kibovu, mtumiaji. Hakuna aliyetuagiza kwa maneno. Tulijua tu, kama vile mtu anavyojua ni kiti gani cha dukani hakikaliwi. Nami sikuona ubaya, kwa sababu jiko lilikwisha kutengenezwa, na nilidhani karatasi ni karatasi tu.

Nikawa na mawazo hayo mpaka nilipoitwa zahanati moja ya kanisa, mbele ya Nyamira. Jina lake naliacha. Ilikuwa na wodi ndogo ya akina mama waliojifungua na jiko la kuni nyuma. Akina mama wa kanisa walichanga, wakanunua jiko kubwa la gesi la vichomeo vitatu, viwili vidogo mbele na kimoja kikubwa nyuma cha sufuria ya uji. Tuliwapelekea sisi, jipya, kwenye sanduku lake. Mnajua desturi yetu. Kitu cha watu wote hakiguswi mpaka mgeni rasmi aje akifungue. Kamati ya zahanati ikamwalika mkubwa mmoja. Akaahirisha. Wakamwalika tena, akaahirisha tena kwa sababu ya mvua. Jiko lilitolewa kwenye sanduku, likawekwa stoo ya zahanati karibu na dirisha lililovunjika kioo, likafunikwa kitambaa kizuri cha kufuma, likangoja miezi. Wakati wote huo mpishi alipika kwa kuni mvua ikimnyeshea mgongoni, na jiko liko hatua kumi kutoka kwake.

Mpishi huyo wote walimwita Mama Moraa, kwa jina la binti yake wa kwanza. Alikuwa mtu wa makamo, mkimya, mwenye watoto wanne na mume anayeugua kifua asiyeweza tena kuchuma chai. Kazi ile ya upishi ndiyo iliyokuwa nyumba yao. Hatimaye mgeni rasmi alikuja, ikaimbwa, ikaombwa, akapewa kiberiti na kuwasha kichomeo kimoja cha mbele. Kikawaka buluu safi. Watu wakapiga makofi, wakaenda kula. Hivyo vingine viwili hakuna aliyevigusa.

Jumatatu asubuhi Mama Moraa aliweka sufuria ya uji kwenye kichomeo kikubwa cha nyuma. Akafungua koki, akapeleka kiberiti. Hakikushika. Akajaribu tena kama alivyoelekezwa, na moto ukalipuka, si juu ya jiko bali chini yake, ukamrudia mikononi na kifuani. Uliunguza mikono yake yote miwili mpaka karibu na viwiko, ukachoma nyusi, na uji ukamwagika. Bahati, kama naweza kutumia neno hilo, muuguzi alikuwa mlangoni na akafunga mtungi.

Niliitwa siku ya tatu. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Ombati, alinipokea mwenyewe, mtu mpole mwenye suti, mwalimu wa zamani. Alinipa chai na mayai, na kabla sijamaliza akawa ameshanieleza kilichotokea. Mama aliacha koki wazi, gesi ikajaa, ndipo akakumbuka kiberiti. "Hawa wamezoea kuni, fundi. Si makosa yao sana. Wewe andika tu, kamati ijue." Niliingia jikoni. Nilipaka sabuni kwenye mpira, hakuna povu. Nilinusa chini, hakuna harufu. Niliwasha kichomeo cha mbele kulia, buluu. Cha mbele kushoto, buluu. Kile cha nyuma kilikuwa kimegandwa na uji uliokauka, mawingu yalikuwa yameshafunga upande wa juu, na dereva wetu alikuwa akipiga honi kwa sababu barabara ile ikinyeshewa hatutoki. Nikatia alama kwenye mtumiaji. Nikaandika: ameacha koki wazi. Nikasaini, nikapiga muhuri. Mama Moraa alikuwa amelala kitanda cha wodi hatua chache kutoka pale, na sikwenda kumuuliza hata neno moja.

Wiki mbili baadaye aliingia dukani, mikono yote imefungwa bendeji. Alikuwa ametembea sehemu kubwa ya njia. Alimsalimia kila mtu, kisha akauliza ni nani fundi aliyekwenda zahanati. Nikasema ni mimi, Mama. Sikumjua. Akaketi kwenye kile kiti kisichokaliwa, na tajiri mwenyewe akamwachia.

"Mimi ndio Mama Moraa," akasema. "Sikuja kugombana na wewe. Nina swali moja tu. Ulijaribu ile moto kubwa ya nyuma?"

Nikaanza kueleza habari ya mpira na sabuni.

"Sijauliza mpira. Ile ya nyuma, uliwasha?"

"Hapana, Mama. Sikuwasha."

Akatikisa kichwa polepole. Akanieleza kwamba karatasi yangu ilisomwa mbele ya kamati, na baada ya hapo hakuna aliyetaka kumsikiliza. Kusema kwake kwamba koki aliifungua papo hapo na kichomeo hakikushika kulihesabiwa kuwa ni kujitetea. Jumapili inayofuata kamati ingekaa kumwondoa kazini. Mtaani tayari alikuwa ni yule mama aliyetaka kuchoma wazazi na watoto wachanga kitandani. "Mume yangu ananiuliza kama ni kweli," alisema. "Mume yangu." Kisha akainuka, akaaga, akaanza safari ya kurudi.

Mzee Rajabu alikuwa amesikia yote, anapangusa spana. "Uliwasha vingapi?" akaniuliza. Nikamwambia viwili. "Vilikuwa vingapi?" Vitatu, Mzee. Akarudi kwenye spana yake. Ningependa angenitukana.

Nilimwendea tajiri, nikamwomba gari siku ya Jumapili. Akasema karatasi ikishatoka dukani imetoka, na nikienda kuibadilisha nitakuwa nimesema kwamba duka lake linasema uongo. Nikamwambia, lakini lilisema. Akaniambia kwamba nikienda nisirudi; kwamba baadaye alinirudisha mwenyewe ni habari nyingine. Niliumia, kwa sababu niliipenda kazi ile. Lakini kilichonichoma zaidi ni kwamba aliongea bila hasira hata kidogo. Mikono ya mtu imeungua, na yeye anaongea kana kwamba ni habari ya hali ya hewa.

Nilikwenda kwa basi na kwa miguu, na mfuko wangu wa zana. Muuguzi alinifungulia jikoni. Nilifunga mtungi, nikalivuta jiko kutoka ukutani, nikafungua kichomeo cha nyuma, nikachomoa mrija wake mrefu na kuuangalia kwenye mwanga. Sikuona mwanga. Nilitia waya, ukagonga kitu kigumu. Nikagongagonga, nikakwangua, na likatoka bonge la udongo mkavu lenye umbo la mrija wenyewe, na ndani yake vyumba vidogo vidogo vilivyojaa buibui waliokauka. Nyigu. Wale weusi wenye kiuno chembamba, wanaojenga kwa matope popote penye tundu. Mmoja alikuwa ameingia kwa lile dirisha lililovunjika, akakuta jiko limetulia chini ya kitambaa, akajenga kwa raha zake wakati wazee wanaandikia mgeni rasmi barua za mwaliko. Gesi ilipotoka kwenye jeti ilikuta mrija umezibwa, ikarudi nyuma na kujikusanya chini ya jiko, ikamngoja mtu mwenye kiberiti. Mama Moraa hakukosea hata kitu kimoja. Nilikaa sakafuni na lile bonge mkononi, nimejaa hasira, na nusu ya hasira hiyo nilijikasirikia mwenyewe.

Kamati ilikuwa imekaa katika chumba cha mbele, wanaume saba na mama mmoja. Mama Moraa alikuwa amesimama karibu na mlango. Niliomba radhi kwa kuingia, nikaweka bonge la udongo mezani juu ya gazeti, nikaeleza lilikotoka. Nikasema karatasi yangu ni ya uongo, niliiandika bila kuangalia, na naomba ichanwe. Wakalipitisha bonge mkono kwa mkono. Mmoja alimtoa buibui kwa ukucha. Kisha Mzee Ombati akavua miwani, akatabasamu.

"Kumbe ni mdudu," akasema. "Basi tumshukuru Mungu. Hakuna wa kulaumiwa."

Nikauliza ni nani aliyeliacha jiko stoo miezi ile yote. Yule mama wa kamati aliinama, nadhani kitambaa alikifuma yeye. Mzee Ombati akamwambia katibu aandike, naye akawa anasema polepole ili katibu amfuate: kwamba kamati, baada ya kusikia maelezo ya fundi, imemsamehe mpishi na kumrudisha kazini kuanzia leo. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Mambo yakawa yamekwisha, watu wakaanza kutafuta kofia.

"Mmenisamehe nini?" akauliza Mama Moraa.

Hakupaza sauti. Mzee Ombati akamwambia amerudishwa kazini, afurahi, wazazi wodini wanangoja chakula.

"Hiyo nimesikia, Mzee. Nauliza hiyo ya kusamehe. Nilifanya nini?"

Katibu akashika kalamu hewani. Mmoja wa wazee akasema ni neno tu, ni kawaida kuandika hivyo. Mama Moraa akasema kama ni neno tu basi halina kazi, litoke. Yeye hapiki mpaka litoke. Akakaa chini pale mlangoni, kwenye simenti, mikono yake yenye bendeji juu ya magoti, na hakuna aliyeweza kutoka bila kumruka. Nimeona wanaume wakubwa wakikwama katika mambo mengi, lakini sijapata kuona saba wakikwama namna ile kwa mwanamke aliyekaa tu. Mtoto mchanga alikuwa analia wodini. Yule mama wa kamati ndiye aliyenyoosha mkono, akavuta kitabu kutoka kwa katibu, akakata lile neno kwa mstari, akaandika juu yake: hakuwa na kosa. Akamsomea. Mzee Ombati alisaini mwisho.

Mama Moraa akainuka. Wote tukamfuata jikoni, sijui kwa nini, labda kwa aibu. Nilikuwa nimekwisha kurudisha mrija, kila kitu kimekaza, nami nikawasha kichomeo cha nyuma kumwonyesha. Kikashika mara moja, buluu, kimetulia. Nikajisikia vizuri. Nikakizima, nikamnyooshea kiberiti.

Hakukipokea. Alikuwa anaangalia vile vichomeo viwili vya mbele.

"Na hizi? Umefungua?"

Nikamwambia hizo hazina shida, Mama, zinawaka vizuri, hata mgeni rasmi aliwasha moja.

"Nauliza kama umefungua."

"Sijafungua."

"Fungua nione."

Nikapiga magoti kwenye sakafu mbele ya kamati nzima, nikatoa spana, nikafungua kimoja, kisha cha pili. Aliinama, akaweka jicho kwenye kila mrija, akaangalia mpaka aliporidhika. Ndipo akachukua kiberiti mkononi mwangu.